Karte grafike ya pili: nguvu mara mbili, ao matumizi mara mbili tu?

Siku ya mushahara, katika nyumba ya mufanyakazi wa madini, kila mutu iko na ombi yake. Mama anawaza feza ya masomo na mufuko wa unga. Mudogo anataka viatu. Na kijana mwenye ordinatere ya kuchezea anakuya na ombi yenye baba hajui namna ya kupima: "Papa, nataka karte grafike ya pili. Moja iko mule. Tukitia ingine, itakuwa nguvu mara mbili."

Baba anajua kupima muzigo wa kamio. Anasikia mulio wa moteri na anajua kama iko mugonjwa. Lakini hii ya karte, nani atamufasiria? Muuzaji anataka kuuzisha. Kijana anataka kucheza. Kila mumoja iko na haraka, na feza ni moja tu. Tujaribu basi kufungua hii mambo polepole, ili baba, mama na mutoto waongee juu ya meza moja na waelewane.

Kazi ya karte ni gani

Karte grafike ni kipande chenye kutiwa ndani ya ordinatere kwa kazi moja kubwa: kuchora picha. Katika muchezo picha haisimame hata kidogo. Ili macho ione mwendo muzuri, watu wanapenda karte ichore picha 60 kwa segonde. Ni kusema iko na kipande kidogo sana cha segonde, milisegonde 16 na kitu, kwa kumaliza kila picha. Ikichelewa, muchezo unakwama-kwama, gari inaruka badala ya kutembea, na kijana anakasirika.

Sasa kuko kitu vijana wanaitaka modi. Ni nyongeza zenye wachezaji wenyewe wanatengeneza na kutia ndani ya muchezo: gari mupya, nguo mupya, barabara yenye kuangaza kisha mvua, nyumba zenye unaweza kuhesabu matofali yake. GTA V ilitoka kwa ordinatere katika mwezi wa 4 mwaka wa 2015. Skyrim ni ya mwezi wa 11 mwaka wa 2011. Bila modi, ordinatere ya kawaida inaibeba bila shida. Tia modi mia moja, zaidi zile za mwangaza na za picha kubwa, na ule muchezo wa zamani unakuwa muzito kupita michezo ya sasa. Njo pale ombi ya karte ya pili inazaliwa.

Sita katika mashimo sita, sita katika shimo moja

Wasomaji wetu wa kazi ya mukono wataelewa jambo hili mbele ya wengine. Tuseme wachimbaji sita, kila mumoja na shimo yake. Mangaribi watatosha mifuko mara sita. Sasa tia hao sita ndani ya shimo moja nyembamba, yenye mbele kuko nafasi ya mutu mumoja tu kwa kupiga nyundo. Watatosha mifuko mara sita? Hapana. Mumoja anapiga, batano banangojea, na moto ya shimo inazidi.

Karte grafike ni vilevile. Kuko kazi zenye kila karte inapata shimo yake. Na kuko muchezo, wenye ni shimo moja.

Katika dunia kulikuwa "wachimbaji" bengine wenye hawakamate nyundo. Walitumia karte grafike kwa kutafuta feza ya intaneti, zaidi ile ya Ethereum. Mutu mumoja alikuwa anapanga karte sita ao nane juu ya kadiri ya chuma, na kila karte ilifanya hesabu yake peke. Pale karte sita zilileta kweli kazi ya karte sita. Mwenye kuona picha za zile karte zenye kupangwa musururu anaweza kuwaza kama ni vile kwa michezo. Lakini katika muchezo karte mbili zinapaswa kusaidiana juu ya picha zenye kufuatana, na moja haiwezi kukimbia bila kujua mwenzake iko wapi.

Wazo ya zamani, yenye ilikufa polepole

Kijana hasemi uongo. Karte mbili zilikuwa kitu cha kweli. Katika mwaka wa 1998 kampuni 3dfx ilitosha karte Voodoo2, na mutu aliweza kufunga mbili pamoja: moja inachora mustari mumoja wa picha, ingine mustari wenye kufuata. Kisha mali ya 3dfx iliingia mikononi mwa NVIDIA, na katika 2004 NVIDIA ilirudisha jina SLI kwa karte zake. Katika 2005 ATI ilileta yake, CrossFire. Kwa miaka mingi watu wenye feza walifunga mbili, tatu, hata ine.

Namna yenye ilitumika sana ilikuwa hii: karte ya kwanza inachora picha ya 1, ya pili inachora picha ya 2, ya kwanza inarudilia picha ya 3. Ni sawa vile posti mbili zenye kupokezana. Ilikuwa muzuri wakati kila picha ilisimama peke yake. Lakini michezo ilibadilika. Leo, kwa kulainisha picha na kwa kupanga mwangaza, muchezo unatazama picha yenye ilitangulia ili uchore yenye kufuata. Sasa karte ya pili inapaswa kungojea ya kwanza imalize, kisha kuchukua kazi yake na kuendelea. Posti ya mangaribi haiwezi kuanza kama posti ya asubui haijatoka na haijasema imefika wapi. Na hata pale hesabu ya picha kwa segonde inapanda, mara mingi picha hazifike kwa mupango sawa: mbili zinafika haraka, ya tatu inachelewa. Kwa ekrani namba inaonekana kubwa, lakini kwa macho muchezo unatetemeka.

Watengenezaji waliona hayo na wakafunga mulango kidogo-kidogo. Katika 2016, kwa karte za GTX 10, NVIDIA iliacha kutegemeza michezo kwa karte tatu ao ine, na GTX 1060 haikupata hata sehemu ya kufungia mwenzake. AMD, yenye ilinunua ATI katika 2006, ilitosha RX 5700 katika 2019 bila CrossFire. Katika 2020, kati ya karte zote za RTX 30, ni RTX 3090 tu ilibakia na ile sehemu ya kufungia. Tangu tarehe 1 mwezi wa 1 mwaka wa 2021 NVIDIA haitengeneze tena mipango mipya ya SLI kwa michezo. RTX 4090 ya 2022 ilikuya bila sehemu ile kabisa. Wakati kampuni yenye kuuzisha karte inaacha kukuambia ununue mbili, ujue iko na sababu.

Basi kama kijana iko na GTX 1060 ao GTX 1050 Ti, mazungumuzo ya SLI inaishia pale. Hata akitia ya pili, muchezo hautaiona.

Gala mbili, muzigo ule ule

Tuseme iko na GTX 1070, yenye inakubali kufungwa mbili. Karte hiyo iko na gala yake ya ndani, ile wanaitaka memware, giga 8. Kijana anahesabu: 8 na 8 ni 16. Baba, pale simama.

Kwa muchezo, 8 na 8 inabakia 8. Kila karte inapaswa kuchora picha nzima, kwa hiyo kila moja inabeba vitu vyote: gari zote, matofali yote, miti yote. Ni sawa vile kutuma kamio mbili kwenye kariere, na kila moja inarudi na nakala ya muzigo ule ule. Umelipa mazutu mara mbili, lakini gala ya uzine haijajaa mara mbili.

Na kwa modi, shida ya kwanza mara mingi ni hii gala. Tufanye hesabu. Ngozi ya kitu kimoja katika muchezo, tuseme ukuta, inaweza kuwa ya 2K ao ya 4K. Ile ya 4K iko na vitone 4.096 kwa upana na 4.096 kwa urefu, ni kusema vitone zaidi ya milioni 16. Ikikandamizwa kwa namna ya kawaida, kila kitone kinakula baiti moja: karibu mega 16. Ya 2K inakula karibu mega 4. Ngozi 200 za 4K zinakula mega 3.200. Ngozi 200 za 2K zinakula mega 800. Tofauti ni zaidi ya giga 2, na haijalipiwa hata franga moja. Tena kupakua za 4K kunakula megas za telefone mara ine, na kila mama anajua bei ya megas.

Gala ikijaa, karte inaanza kukopa nafasi katika memware kubwa ya ordinatere. Pale njo muchezo unakwama. Ndani ya GTX 1070 vitu vinapita kwa giga 256 kwa segonde. Kwa barabara yenye kuunganisha karte na ordinatere, kizazi cha PCIe 3.0, vinapita karibu giga 16 tu. Ni mara 16 polepole. Ni barabara kubwa yenye ghafula inakuwa kinjia cha kinga. Na karte ya pili haipanue kile kinjia. Kwa karte-mere nyingi za bei ya chini, ile nafasi ya pili ya kutilia karte ni nyembamba kupita ya kwanza.

Tuseme pia ukweli huu: GTA V yenyewe, bila modi, ilijua kutumia karte mbili. Lakini modi za mwangaza zinaingia katikati ya muchezo na karte, zinabadilisha kazi mbele ya picha kutoka. Pale ule mupango wa karte mbili unaweza kuchanganyikiwa, picha inaanza kuwaka na kuzimika. Mwenye kutaka karte ya pili juu ya modi anaweza kukuta ni modi zenyewe zinamukatalia.

Umeme, moto na mavumbi

Katika miji yetu kuko hesabu ingine. Lualaba inazungusha mashini za Nzilo na Nseke karibu na Kolwezi, lakini watu wa cité wanajua namna umeme unapotea mangaribi. GTX 1070 moja inakula wati 150 ikifanya kazi yote. Mbili zinakula wati 300. Kwa masaa ine kila siku, ile ya pili peke yake inaongeza kilowati-saa 18 kwa mwezi. Kama nyumba inatumika kwa jeneratere ndogo, hesabu ni ya mazutu ao esanse, na frigo ya mama inapigania nafasi na karte.

Kuko tena kile kisanduku cha umeme ndani ya ordinatere, alimantasio. Kwa GTX 1070 moja, NVIDIA inaomba alimantasio ya wati 500. Kwa mbili inapaswa kupita pale, na iwe ya kweli. Alimantasio za bei ya chini zinaandikwa namba kubwa inje, na ndani hakuna kitu. Umeme ukirudi na kishindo kisha delestaji, kisanduku kibaya kinaweza kuchoma karte zote mbili, na karte-mere pamoja. Mutu wa mugodi hawezi kutia mashini ya pili juu ya kamba moja mbaya. Nyumbani sheria ni ile ile.

Na mavumbi. Wakati mvua haiko, mavumbi mwekundu inaingia kila mahali. Ndani ya karte kuko vantilatere na mifereji midogo ya shaba, ndiyo, shaba sawa ile tunatosha hapa, yenye kubeba moto na kuitupa inje. Mavumbi ikifunga vile vipande vya chuma, moto haitoki. Karte ya GTX 10 ikifika karibu na digri 83, inaanza kupunguza mwendo wake yenyewe ili isiungue. Kijana anaona muchezo umekuwa polepole, anasema "karte imekuwa ndogo". Karte haijakuwa ndogo, imefungwa pumzi. Na ukitia karte mbili karibu-karibu, ile ya juu inavuta hewa ya moto ya ile ya chini. Wenye walifanya kazi chini ya udongo Kipushi ao Kamoto wanajua: bila hewa, mashini nyingi ni shida nyingi.

Mbele ya kutosha feza, kupima

Hatusemi mutoto akatazwe. Tunasema apime mbele, na aonyeshe baba namba.

Kwanza, azimishe ordinatere, aichomoe, afungue, apanguse mavumbi kwa burashi laini ya kukauka. Hii haina bei.

Pili, afungue ile dirisha ya Windows kwa Ctrl, Shift na Esc, atazame upande wa karte wakati muchezo unatembea. Kama memware ya karte imejaa, shida ni gala. Apunguze ngozi za 4K kwa vitu vidogo, sahani, majani, mawe, na aache 4K kwa vitu vyenye anaona karibu. GTA V yenyewe, mahali pa kupanga picha, inaonyesha memware yenye itakuliwa.

Tatu, apunguze ukubwa wa picha kwa ekrani. Kama picha kwa segonde zinapanda, karte njo ilikuwa inachoka. Kama hazipande, karte haina kosa: ni prosesere yenye kushindwa. Skyrim yenye modi za watu wengi na miji mikubwa inachokesha prosesere sana, na pale hata karte kumi hazitasaidia.

Ine, atoshe nusu ya modi, ajaribu. Kama shida imeisha, iko katika nusu ile. Agawanye tena. Mara mingi ni modi moja ao mbili tu zinaharibu kazi ya zingine zote.

Kama namba zinasema karte ni ndogo

Basi kama kisha hayo yote karte njo shida, njia bora ni hii: auzishe ile yenye iko nayo, aongeze feza ya karte ya pili juu yake, anunue moja yenye kuwa kubwa. Tutwae mufano. RTX 3060 ya giga 12 inakula wati 170 na inapita GTX 1070 kwa mwendo. GTX 1070 mbili zinakula wati 300, na gala inabakia giga 8. Lakini fungua macho, kuko pia RTX 3060 ya giga 8. Usome namba, usisome jina tu.

Kama ni karte yenye ilitumika, uuliza ilifanya kazi gani. Tarehe 15 mwezi wa 9 mwaka wa 2022 Ethereum iliacha ile namna ya kuchimba kwa karte, na karte nyingi za wale wachimbaji ziliingia kwa soko ya vitu vyenye vilitumika. Karte ya vile inaweza kuwa nzima, lakini ilikuwa inatumika usiku na muchana, na vantilatere zake zinaweza kuwa karibu kufa. Usilipe mbele ya kuiona inatembea ndani ya ordinatere, muchezo unafunguliwa, kwa dakika 20 hivi. Kuko vilevile karte zenye zilibadilishwa ili zidanganye jina na memware. Programu ya bure GPU-Z inasaidia kuzijua.

Kuko wakati karte mbili zinafaa? Ndiyo. Kama kijana anajifunza kutengeneza picha za nyumba ao filme kwa programu Blender, pale kila karte inapata shimo yake, na mbili zinamaliza kazi haraka kupita moja. Hata pale, kila karte inapaswa kubeba vitu vyote katika gala yake. Lakini ile ni kazi yenye inaweza kuleta feza nyumbani, na hesabu yake ni ingine. Vilevile kuko programu kama Lossless Scaling, yenye inaweza kutumia karte ya pili kwa kutia picha za katikati, ili mwendo uonekane laini. Inasaidia macho, lakini haiongeze gala ya modi.

Wazazi, mutoto akikuya na ombi hii, msimufukuze. Mumuulize maneno matatu: karte yako inakubali mwenzake? Memware yake imejaa kweli? Umepangusa mavumbi? Kama anajibu na namba katika mukono, ule ni mutoto mwenye anajifunza kupima mbele ya kutumia, na anastahili muongee naye juu ya karte moja nzuri, mwezi wenye feza ya masomo imekwisha kulipwa. Kama hana jibu, mumupe burashi.